Jérôme Lejeune, Daktari wa Watoto Waliokataliwa

Wanandoa wapenzi, siku hizi mama mjamzito akirudi kutoka kliniki mara nyingi huwa na karatasi mkononi. Mara ni picha ya skani, nyeusi na nyeupe, ambayo baba huigeuza juu chini akitafuta kichwa kiko wapi. Mara ni majibu ya damu yenye tarakimu ambazo hakuna aliyewaeleza maana yake. Wengi wenu mmefurahi mbele ya picha hiyo. Wengine mmekaa kimya kitandani usiku kucha kwa sababu daktari alikunja uso na kusema kwamba kuna jambo ambalo yafaa lichunguzwe zaidi.

Mtu tunayemsimulia mwezi huu aliishi na jambo hilo maisha yake yote. Alikuwa daktari, mume na baba wa watoto watano. Akishirikiana na wenzake alifungua mlango wa elimu ambayo leo hutumika kumpima mtoto akiwa bado tumboni. Kisha akaona elimu hiyo ikigeuzwa silaha dhidi ya watoto wale wale aliotaka kuwaponya.

Jérôme Lejeune alizaliwa tarehe 13 Juni 1926 huko Montrouge, mji ulio kando ya Paris, Ufaransa. Alipokuwa kijana mdogo alisoma riwaya moja ya Balzac juu ya daktari wa kijijini anayewahudumia maskini, akaamua kwamba na yeye atakuwa daktari wa namna hiyo. Hakuufikia ule udaktari wa kijijini. Mwaka 1952 profesa wake, Raymond Turpin, alimwita amsaidie katika kazi moja: kuwachunguza watoto ambao wakati huo waliitwa wamongolia, eti kwa sababu nyuso zao zilifanana na za watu wa Mongolia. Jina hilo lilikuwa tusi kwa watoto na tusi kwa taifa zima. Mwaka 1961 Lejeune alikuwa miongoni mwa wataalamu walioandika wakitaka liachwe.

Mwaka huo huo wa 1952, tarehe 1 Mei, alimwoa Birthe Bringsted, msichana wa Denmark waliyekutana Paris alipokuja kujifunza Kifaransa. Harusi ilifungwa kwao Birthe, katika mji wa Odense. Birthe alikuwa amelelewa katika Kanisa la Kilutheri, akawa Mkatoliki. Alikuwa mwanamke wa maneno ya wazi, mwenye akili ya kupanga mambo, na asiyemwogopa mtu. Wale mnaofikiri kwamba wasomi wakubwa hawana nafasi ya kukaa na wake zao, sikilizeni hili: kila walipotengana kwa safari, waliandikiana barua kila siku, kwa miaka yote ya ndoa yao. Yeye humweleza mambo ya mikutano na maabara, mkewe humweleza mambo ya watoto, na ada, na nani ameugua. (Wangapi kati yetu tuna simu mfukoni na hatusemi na wenzetu zaidi ya kuuliza kama gesi imeisha?)

Sasa tuje kwenye ugunduzi wenyewe. Kila chembe ya mwili wa binadamu ina nyuzi ndogo sana ziitwazo kromosomu, ambazo zimebeba urithi wa baba na wa mama. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba ni 48. Mwaka 1956 ndipo ilipothibitishwa kwamba ni 46, yaani jozi 23. Mwaka 1958, katika hospitali ya Trousseau mjini Paris, ilionekana kwamba watoto wale wa Profesa Turpin walikuwa na 47. Katika jozi ya 21 nyuzi hazikuwa mbili bali tatu. Habari hiyo ilitolewa mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa tarehe 26 Januari 1959, na tangu hapo hali hiyo ikaitwa trisomi 21. Jina lake jingine, linalojulikana zaidi huku kwetu, ni hali ya Down, kutokana na daktari Mwingereza John Langdon Down aliyeieleza mwaka 1866.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Daktari Marthe Gautier ndiye aliyejifunza Marekani namna ya kukuza chembe za mwili katika maabara, akarudi Paris na kuanzisha kazi hiyo kwa vifaa duni, hata akatumia damu yake mwenyewe. Alikuwa na darubini lakini hakuwa na mashine ya kupigia picha, na ni Lejeune aliyezipeleka zikapigwe. Katika makala ya kwanza jina la Lejeune lilitangulia, na jina la mama huyu liliandikwa hata kwa makosa. Miaka hamsini baadaye Gautier alilisema jambo hilo hadharani, na mwaka 2014 kamati ya maadili ya taasisi ya utafiti wa afya ya Ufaransa ilikiri kwamba bila mchango wake na wa Turpin ugunduzi huo usingewezekana. Alifariki mwaka 2022. Sioni kwamba kumheshimu Lejeune kunatudai tumnyamazishe mama huyu, wala sidhani kwamba dai lake linafuta yale ambayo Lejeune alifanya baadaye kwa miaka thelathini na tano.

Kwa nini hesabu ya nyuzi iwe jambo kubwa kwa wazazi? Kwa sababu kabla ya 1959 mama aliyemzaa mtoto wa namna hii alitazamwa kwa jicho baya. Ulaya walisema labda ana kaswende, au ni mlevi, au ukoo wake umeoza. Familia zilimficha mtoto, dada zake wakakosa wachumba. Msomaji wa Kakamega au wa Machakos hahitaji kuelezwa zaidi. Sisi nasi tuna maneno yetu: laana ya mababu, macho ya watu, mama alicheka kiwete. Kuna nyumba ambako mtoto bado anafungiwa chumba cha nyuma wageni wakija, na kuna akina baba waliofunga virago wiki ile ile mtoto alipozaliwa, wakimwambia mke kwamba katika ukoo wao hakuna mambo kama hayo.

Lejeune aliwapa wazazi hao jibu. Karibu kila mara, kama mara 95 katika 100, ile kromosomu ya ziada hutokea kwa bahati tu, yai au mbegu inapotengenezwa. Haitokani na dhambi ya mama, wala na ukoo wa baba, wala na chakula fulani. Umri wa mama huongeza uwezekano: kwa mama wa miaka 20 ni kama mtoto mmoja kati ya 1,500, na kwa mama wa miaka 40 ni kama mmoja kati ya 100. Hata hivyo watoto wengi wenye hali hiyo huzaliwa na akina mama vijana, kwa kuwa wao ndio wanaozaa zaidi. Wazazi waliingia katika chumba chake wakiwa wameinamisha vichwa, naye akamshika mtoto, akamwita kwa jina lake, akaanza kueleza. Alikuwa akiwaona wagonjwa wake katika hospitali ya Necker, na walifika kwa maelfu kutoka nchi mbalimbali.

Heshima zilimfuata haraka. Mwezi Desemba 1962 alipokea tuzo kutoka kwa Rais Kennedy wa Marekani, ambaye dada yake alikuwa na ulemavu wa akili. Mwaka 1963 aligundua ugonjwa mwingine wa kromosomu, ambao humfanya mtoto mchanga alie kama paka. Mwaka 1964 alipewa kiti cha kwanza cha uprofesa wa elimu ya urithi katika kitivo cha udaktari cha Paris. Alikuwa na miaka 38.

Lakini katika miaka hiyo madaktari wa nchi nyingine walijifunza kuchukua maji yanayomzunguka mtoto tumboni kwa sindano ndefu na kuzihesabu kromosomu zake kabla hajazaliwa. Mwaka 1966 chembe za maji hayo zilikuzwa kwa mara ya kwanza hata kromosomu zikaonekana. Mwaka 1968 trisomi 21 ilitambuliwa katika mtoto aliyekuwa bado tumboni. Dawa haikuwapo. Kilichopendekezwa baada ya majibu kilikuwa ni kuitoa mimba.

Hapo ndipo maisha ya Lejeune yalipogeuka. Mwaka 1969 alialikwa San Francisco na chama cha wataalamu wa urithi wa Marekani kupokea tuzo yao kubwa kabisa. Angeweza kusoma hotuba ya kitaalamu, akapigiwa makofi, akarudi kwake. Badala yake aliwaambia wenzake kwamba mtoto aliye tumboni ni binadamu, na kwamba kazi ya daktari ni kumwondolea mgonjwa maradhi, si kumwondoa mgonjwa. Ukumbi ulipoa. Usiku ule alimwandikia Birthe kwamba siku hiyo amepoteza tuzo ya Nobel. Ni kweli hakuipata kamwe. Najiuliza mara nyingi Birthe aliipokeaje barua hiyo. Alikuwa na watoto watano wa kulisha kwa mshahara wa mume ambaye sasa milango ilianza kumfungia. Hakumwambia alegeze msimamo.

Mwaka 1970 mswada ulipelekwa katika bunge la Ufaransa kuruhusu mimba itolewe mtoto akionekana ana kasoro. Mambo hayo yalijadiliwa katika televisheni. Binti yake Clara amesimulia kwamba kesho yake mvulana wa miaka kumi mwenye trisomi alifika hospitalini akilia. Alikuwa ametazama kipindi pamoja na wazazi wake, akaelewa kwamba watu wanataka kuwaua wenzake, akamwomba profesa awatetee, kwa kuwa wao ni wadogo mno na hawajui kujitetea. Tangu siku hiyo Lejeune alizunguka akihutubia. Mikutano ilivurugwa. Kuta za chuo ziliandikwa maneno ya kumtishia yeye na wagonjwa wake, na watoto wake waliyasoma wakipita. Mwaka 1975 sheria ya kuruhusu utoaji mimba ilipita Ufaransa. Baadaye hata fedha za serikali kwa utafiti wake zilikatwa.

Wanandoa wapenzi, tusimame hapa kidogo, maana wengine mtadhani Lejeune alikuwa adui wa vipimo. Hapana. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa vipimo. Wala Kanisa halivikatazi. Mwaka 1987 Vatikani ilieleza katika waraka uitwao Donum Vitae kwamba kumpima mtoto kabla hajazaliwa ni halali kama kunaheshimu uhai na mwili wake na kunalenga kumtunza au kumponya, bila kumtia yeye na mama yake katika hatari isiyo na uwiano. Ubaya ni kupima kwa nia ya kumtoa akionekana na kasoro. Hata Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 26, inasema uhai huanza mimba inapotungwa, na inakataza kutoa mimba isipokuwa pale inapohitajika tiba ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine imeruhusu.

Kwa hiyo mjue mnapimwa nini. Skani haina sindano wala miali ya eksirei. Hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 limeshauri kila mama apate angalau skani moja kabla ya wiki ya 24. Huonyesha umri wa mimba, kama ni pacha, mahali kondo la nyuma lilipokaa, na kati ya wiki ya 18 na 22 huonyesha moyo, uti wa mgongo na viungo vingine. Hiyo imeokoa akina mama wengi. Kondo likiwa limeziba njia, mama hujua mapema kwamba atazalia hospitali kubwa kwa upasuaji, badala ya kuanza kuvuja damu usiku mbali na barabara.

Vipimo vya kuchuja ni jambo jingine. Skani ya kupima unene wa shingo ya mtoto, kati ya wiki ya 11 na ya 13, ikiunganishwa na damu ya mama, haisemi kwamba mtoto ana trisomi. Inasema tu kwamba uwezekano ni mkubwa au mdogo. Hebu fanyeni hesabu. Kipimo hicho huwatia hofu bure kama akina mama 5 katika kila 100. Wakipimwa vijana 1,000 wa miaka 25, takriban 50 wataambiwa wako katika hatari kubwa, ilhali mwenye mtoto wa hali hiyo huenda ni mmoja tu, au hayupo kabisa. Kipo kipimo kipya cha damu ya mama peke yake, kuanzia wiki ya 10, kinachosoma vipande vya urithi vinavyotoka katika kondo. Ni sahihi zaidi, na gharama yake ni kubwa, lakini nacho ni cha kuchuja. Kinachothibitisha ni sindano ile ya maji, kuanzia wiki ya 15, nayo ina hatari ndogo ya kuharibu mimba. Ndiyo maana kabla ya kukubali sindano hiyo yawapasa kuulizana nyinyi wawili, nyumbani, si mbele ya muuguzi: jibu hili tunalitakia nini? Kama ni kujiandaa, kuchagua hospitali, kumtafuta daktari wa moyo, mnayo sababu. Kama hamna la kulifanyia, hakuna anayeweza kuwalazimisha.

Nasema daktari wa moyo kwa sababu karibu nusu ya watoto wenye trisomi 21 huzaliwa na tatizo la moyo, na mengi hutibika kwa upasuaji. Hapa Nairobi hospitali ya Mater imekuwa ikiwachangia watoto upasuaji huo kwa mbio zake za kila mwaka tangu miaka ya 1990. Lejeune alipoanza kazi, wengi wa watoto hawa walikufa kabla ya kufikia ujana. Leo, katika nchi zenye matibabu mazuri, huishi hadi karibu miaka 60. Na baba, tafadhali, nenda kliniki siku ya skani. Ukiachiwa habari ya kusimuliwa tu, ni rahisi kumlaumu anayekusimulia.

Denmark, nchi ya Birthe, ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kumpa kila mama mjamzito kipimo cha kuchuja trisomi, mwaka 2004. Tangu hapo idadi ya watoto wanaozaliwa na hali hiyo huko imeshuka sana, kwa kuwa karibu wote wanaoambiwa matokeo hayo huitoa mimba. Mumewe alikuwa amekwisha kufa kitambo, lakini Birthe aliyaona hayo yote.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alikuwa rafiki wa nyumba hiyo. Tarehe 13 Mei 1981 Jérôme na Birthe walikula naye chakula cha mchana Vatikani. Saa chache baadaye, wakiwa wamekwisha kuondoka, Papa alipigwa risasi katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Mwishoni mwa mwaka huo huo Lejeune alitumwa Moscow kuzungumza na Brezhnev juu ya hatari ya silaha za nyuklia. Mwezi Februari 1994 Papa alimteua kuwa rais wa kwanza wa Taasisi ya Kipapa ya Uhai. Wakati huo alikuwa tayari anaugua saratani ya mapafu, ugonjwa uliomuua pia baba yake. Alishika wadhifa huo kwa wiki chache tu. Alifariki asubuhi ya Pasaka, tarehe 3 Aprili 1994, akiwa na umri wa miaka 67. Kilichomsumbua kitandani ni kwamba anawaacha wagonjwa wake bila dawa. Aliitafuta maisha yake yote, wala hakuipata.

Mwaka 1996 wakfu wenye jina lake ulianzishwa ili kuendeleza utafiti na matibabu, na Birthe akaufanyia kazi hadi uzeeni. Mwezi Agosti 1997 Papa alikwenda kusali katika kaburi lake huko Chalo-Saint-Mars, ingawa wapo Wafaransa waliolalamika. Birthe alifariki mwezi Mei 2020, na mwezi Januari 2021 Kanisa lilitambua kwamba mumewe aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa.

Mazishi yake yalianzia katika kanisa kuu la Notre-Dame la Paris. Miongoni mwa maprofesa na viongozi walikuwapo wagonjwa wake wengi. Mmoja wao, mtu mzima mwenye trisomi 21, alisogea kwenye kipaza sauti bila kuitwa na mtu. Alimshukuru profesa wake kwa yale aliyowafanyia baba yake na mama yake, na akasema kwamba kwa sababu yake yeye anajionea fahari. Kisha akarudi mahali pake akaketi.